Taa za Gari la Mkate

Kivuli kilionekana Jumanne, saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye ukuta wa nyuma wa duka la mkate. Siku na saa hazina ubishi katika familia ile, ingawa mengine yote wanabishania, pamoja na nani aliyekiona kwanza.

Waya ndiye aliyekuwa amemaliza kufunga taa. Huyu alikuwa mkwe wa nyumba, fundi wa umeme wa magari, na jina alipewa na wateja kwa kuwa hakuonekana bila kipande cha waya nyuma ya sikio, kama seremala na penseli yake. Alilisogeza gari la mkate mpaka likautazama ukuta kwa umbali wa hatua sita, wenye nyumba wakasimama nyuma yake, naye akawasha.

Ukuta ule ulikuwa wa rangi ya majivu tangu ulipojengwa. Sasa ulikuwa mweupe kama unga uliochekechwa mara mbili. Kila tundu la msumari lilionekana. Na katikati ya weupe, mbele kabisa, kilisimama kivuli cha mtu: kichwa, shingo, mabega, mikono miwili iliyoning'inia.

"Nani kasimama mbele ya gari?" aliuliza Mama Mkate.

Hakuna aliyesimama. Yeye alikuwa nyuma ya gari, ameshika taulo la tanuri. Mumewe alikuwa ubavuni mwake. Binti yao alikuwa mlangoni. Waya alikuwa kwenye usukani.

"Ni uchafu kwenye kioo, Mama," alisema Waya. Akashuka na kitambaa, akapita mbele ya taa ili afute. Kivuli chake yeye kikaanguka ukutani, kinene, na kile kingine kikasogea hatua moja pembeni, kama mtu anayempisha mwenziwe kwenye ujia mwembamba.

Kwa muda palisikika mvumo mdogo tu, mwembamba kama wa nzi aliyefunikwa na kikombe, uliotoka ndani ya taa zenyewe. Kisha mume wa Mama Mkate akacheka, akacheka peke yake.

"Hata vivuli vina adabu siku hizi," alisema. "Zima, mwanangu, tusimalize betri."

Huyu mume aliitwa Polepole. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha gari la mkate, duru mbili kila siku, moja kabla ya jua kuchomoza na moja baada ya kuzama, na gari halikuwahi kupata mkwaruzo. Walimcheka kwamba mkate wake ukifika umeshapoa na kuanza kupata ukoko wa pili. Yeye alisema afadhali mkate upoe kuliko dereva apoe.

Lakini mwaka ule alikuwa ameanza kulalamika. Taa za gari, alisema, zimekuwa hafifu. Kila jioni barabara inazidi kuwa nyeusi. Alibadilisha balbu, akabadilisha betri, akasugua vioo kwa majivu, na bado. Waya alikwisha kuzipima taa hizo mara mbili, akakuta hazina kasoro. Alijua tatizo lilipo. Alijua pia kwamba bakuli la taa ya gari lile, lile bati linalong'aa nyuma ya balbu, limetengenezwa kwa balbu ndogo ya manjano, na ukitia balbu kali ya gari jingine mwanga hauendi barabarani peke yake. Unamwagika juu, kwenye macho ya anayekuja. Yote hayo aliyajua. Ila mkwe hamwambii baba mkwe kwamba macho yake yamechoka. Ni rahisi zaidi kumtafutia taa.

"Umezipata wapi?" Mama Mkate alimuuliza jioni ile, mzee alipoingia ndani.

"Kwa jamaa."

"Jamaa gani?"

"Jamaa tu, Mama," alisema Waya, akatazama chini.

*

Wiki ya kwanza Polepole alikuwa mtu mwenye furaha. Alirudi na trei tupu kabla ya saa yake ya kawaida. Alisimulia jinsi alivyoona paka mita mia mbili mbele, akamwona na masharubu.

"Na wenye magari mengine wananipisha wote," alisema. "Nikitokea tu, wanaweka mikono usoni, hivi, wanaegemea pembeni. Heshima hiyo sikuipata hata siku ya harusi yangu."

"Wanakupisha au hawakuoni?" binti yake alimuuliza.

"Taa kama zile nani asizione?"

"Taa wanaziona, Baba. Nimesema wewe."

Polepole akamega mkate. Wiki ya pili aliacha kusimulia. Alikula haraka, akaendesha haraka, yeye aliyepewa jina kwa ajili ya mwendo wake. Gari likaanza kunuka. Mama Mkate alikuwa na pua ya mwokaji. Kwa harufu peke yake aliweza kusema mkate umebakiza dakika ngapi. Harufu hii hakuikosea: ni harufu ya nywele zilizoungua kidogo tu, kama mtu aliyeinama karibu mno na mlango wa tanuri. Ilikuwa kwenye trei, ikawa kwenye shati la mumewe, hatimaye ikawa kwenye mto wake. Tena aliona jambo jingine, na alilitazama siku tatu kabla ya kulikubali: mumewe alikuwa hapepesi macho.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatatu asubuhi, alikuja wakala wa bima kuhuisha bima ya gari. Alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa na maneno laini, aliyemwita kila mteja mzazi wangu. Walikaa mezani, fomu ikafunguliwa. Katika nyumba ile kila kitu kilichoandikwa kiliandikwa kwa mkono wa Mama Mkate, kwa kuwa mwandiko wa Polepole ulifanana na kuku aliyekimbizwa. Yeye aliandika, mumewe akaweka sahihi. Ndivyo walivyofanya kwa vyeti vya shule, kwa mkataba wa duka, kwa barua za posa.

Wakala alisoma kwa sauti, Mama Mkate akajaza. Walipofika swali la tisa, wakala alisoma haraka kidogo.

"Je, gari limefanyiwa badiliko lolote, tofauti na lilivyotoka kiwandani?"

Kalamu ikasimama.

"Hapana," alisema Polepole.

"Taa..." alianza Mama Mkate.

"Taa ni taa. Lilitoka na taa mbili, lina taa mbili. Andika hapana."

Mama Mkate alimtazama wakala. Wakala akatazama dirisha. "Watu wengi huandika hapana, mzazi wangu," alisema. "Ukiandika ndiyo, gari linaitwa kukaguliwa, linakaa siku kadhaa, na mkate hausubiri."

Akaandika *Hapana*. Herufi sita, kwa mwandiko wake mzuri.

Nje, kwenye jua la saa nne asubuhi, gari likiwa limezimwa na funguo zikiwa mezani karibu na kikombe cha chai, taa zikawaka.

"Mmesahau taa," alisema wakala. Akainuka kuchungulia, akapiga mluzi mdogo. "Kali hizi. Fundi wenu ni nani?"

*

Alhamisi ya wiki ile, alfajiri, mchora mabango alitumbukia mtaroni pamoja na baiskeli yake kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Alivunjika mguu na mfupa wa bega. Gari la mkate lilipita bila kumgusa. Wafanyakazi wa kiwanda waliliona, wakataja namba zake, na Polepole hakukana kwamba alipita pale.

"Sikumgusa," alisema. Alisema hivyo kwa polisi, akasema kwa wakala wa bima, akasema mezani bila kuulizwa. "Gari halina mkwaruzo. Mtu amedondoka mwenyewe, mimi nifanye nini?"

Wakala alikuja tena, safari hii bila kukaa. Alieleza kwamba mkaguzi wa kampuni atafika Ijumaa ya wiki inayofuata. Gari likikutwa kama fomu inavyosema, bima italibeba suala la majeruhi, au atahesabiwa amedondoka mwenyewe. Likikutwa tofauti, bima haipo, ni kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Mama Mkate alikwenda hospitali Jumapili, saa ya kutazama wagonjwa, na mikate miwili kwenye kikapu. Mchora mabango alikuwa mtu wa makamo, mikono yake bado ina rangi nyekundu na buluu kwenye kucha. Alipokea mkate kwa mkono mzima. Walinong'ona, kwa kuwa kitanda cha jirani kilikuwa na mtu aliyelala.

"Mama, mimi sitafuti ugomvi na mzee," alisema. "Nilikuwa upande wangu. Nikaona mwanga unakuja, nikasema huyu atapunguza. Hakupunguza. Ukanijaa. Na ndani ya mwanga nikaona mtu anakuja kwa miguu."

"Mtu gani?"

"Mweusi tii, hana uso. Hana haraka. Gari lilikuwa bado mbali, yeye akanifikia kwanza. Akanyoosha vidole viwili, hivi, akanishika kope, akazivuta chini taratibu, kama unavyomfumba macho maiti. Sikuona tena kitu mpaka nilipokuwa mtaroni."

Mama Mkate aliinama, akamtazama usoni. Jicho la kulia halikuwa na kope hata moja.

"Nimewaambia manesi," alisema mchora mabango, "wakasema nimeumia kichwa. Wewe unasemaje, mama?"

"Nasema kichwa chako kizima," alisema Mama Mkate. "Kula mkate."

*

Waya ndiye aliyetoa shauri. "Nizitoe, Mama. Nirudishe balbu za zamani, nimezihifadhi. Mkaguzi akija Ijumaa akute gari kama lilivyoandikwa. Hakuna atakayejua, na barabara itakuwa salama."

Lilionekana shauri jema. Siku mbili walipanga namna ya kumwambia mzee. Alhamisi asubuhi, duru ya kwanza ilipokwisha, waliingiza gari ghalani, kati ya magunia ya unga, wakafunga milango miwili ya bati ili pawe giza la kupimia mwanga. Polepole alisimama akiegemea magunia. Walitarajia akatae. Hakukataa.

"Toa tu," alisema, akatabasamu, na tabasamu lake halikufika machoni.

Waya alifungua boneti. Balbu zilikuwa za moto ingawa gari lilikuwa limezimwa kwa saa nzima. Alipoichomoa ya kwanza na kuingiza kidole kwenye bakuli ili alifute, kidole kilitoka na kitu. Alikipeleka kwenye mwanga wa ufa wa mlango.

"Mama," alisema. "Njoo uone."

Zilikuwa kope za watu. Zilijaa kwenye bakuli kama makapi kwenye ungo, fupi na ndefu, nyeusi nyingi, nyingine za mvi, moja ndogo na laini kiasi kwamba Mama Mkate hakutaka kufikiri ilikuwa ya mtu wa umri gani. Waya alizifutia kwenye karatasi ya mkate, akalifanyia hivyo bakuli la pili, kisha akatia zile balbu za zamani na kuwasha.

Mwanga wa manjano, mpole, ule waliouzoea, ukaanguka kwenye ukuta wa ghala. Na kivuli kilikuwa pale pale.

"Baba, sogea," alisema binti, kwa kuwa Polepole alikuwa ametoka kwenye magunia na kusimama mbele ya gari, katikati ya taa mbili, umbali wa hatua tatu. Kisha akamshika mama yake mkono kwa kucha. "Mama. Baba hana kivuli."

Walitazama, na kadiri walivyotazama ndivyo walivyozidi kuona, kwa kuwa mwanga ulimpita Polepole kama unavyopita kwenye pazia lililofuliwa mara nyingi, ukafika ukutani bila kupungua, na pale ambapo kivuli chake kingepaswa kuwa palikuwa na kile kingine, kirefu kumshinda, ambacho hakikufuata mikono yake wala kichwa chake, bali yeye ndiye aliyeanza, polepole, kukifuata: kivuli kikainua mkono, naye akainua, kivuli kikainamisha shingo, naye akainamisha.

"Mke wangu," alisema Polepole.

Mama Mkate alihisi baridi mpaka kwenye meno. Kwa miaka thelathini na miwili ya ndoa mumewe hakuwahi kumwita mke wangu. Alimwita Mama Mkate, kama wateja, kwa utani uliokuwa umegeuka kuwa mapenzi.

*

Mganga aliletwa adhuhuri. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, na Waya, hata katika hofu ile, hakuweza kujizuia. "Mganga anavaa miwani?" alimnong'oneza mkewe.

"Ya kusomea," alijibu mganga kwa sauti. "Majini siyatazami kwa macho."

Aliingia ghalani peke yake, akakaa kwenye kiti cha abiria, pembeni ya Polepole ambaye alikuwa amerudi kwenye usukani asubuhi ile na hakushuka tena. Walimsikia akisoma. Walisikia mvumo ule mwembamba ukipanda mpaka bati za mlango zikaanza kutetema. Baada ya nusu saa alitoka akijifuta jasho.

"Mimi natoa kilichoingia kwa uchawi," alisema. "Kilichoingia kwa hofu nakitoa. Kilichorithiwa nakitoa. Hiki mmekifungulia wenyewe. Kimekuja na balbu, ndiyo, lakini balbu zimetoka na chenyewe kimebaki. Kwa hiyo kuna mlango mwingine." Aliwatazama mmoja mmoja. "Nani katika nyumba hii aliyesema hakipo, naye anajua kipo?"

Waya aliinamisha kichwa. "Nilizitoa kwenye gari lililopondeka, kwenye uwanja wa vyuma. Mwenyewe alikuwa marehemu, hakuwepo wa kuulizwa. Nikasema nimepewa na jamaa."

"Huo ni ufa," alisema mganga. "Nataka mlango."

"Ni mimi," alisema Mama Mkate. "Niliandika hapana."

"Wapi?"

"Kwenye fomu ya bima. Swali la tisa."

Mganga alifikiri kidogo. Katika miaka yake yote, alikiri baadaye, hakuwa amekutana na fomu ya bima. "Basi dawa unayo wewe," alisema. "Lakini iandike mbele yake. Hakitakuacha uandike kwa raha."

"Raha nilikuwa nayo lini?" alisema Mama Mkate. Akaenda kuchukua nakala yake ya fomu na kalamu.

*

Waliomwona akiingia wanasema alijifunga taulo la tanuri kiunoni, kama anavyofanya siku ya oda kubwa, na kwamba alifunga mlango wa bati nyuma yake kwa mkono wake mwenyewe.

Taa zilikuwa zinawaka. Polepole alikuwa amesimama tena mbele ya gari, na ukutani kivuli kilikuwa kimefika kwenye kenchi za paa.

"Mke wangu," ilisema sauti, na sasa haikujisumbua kutumia midomo ya mzee vizuri. "Kesho mkaguzi anakuja. Atakuta balbu za zamani. Atakuta gari kama lilivyoandikwa. Mchora mabango alidondoka mwenyewe. Nyamaza, na mimi nitanyamaza. Nimeomba nini? Hata chakula chenu sili."

"Unakula nini?"

"Ule muda mtu anapofumba macho. Mdogo tu. Nani anauhitaji?"

"Anauhitaji mwenye baiskeli," alisema Mama Mkate. Aliweka fomu juu ya boneti, akailainisha kwa kiganja kama anayelainisha donge. "Na mume wangu?"

"Nafasi yake kwenye usukani hana kazi nayo tena. Gari linamtaka dereva anayeona. Andika neno hilo unalotaka kuandika, na gari litachukuliwa, na leseni itachukuliwa, na huyu mzee wako atatembea kwa miguu mpaka siku ya kufa kwake."

"Miguu anayo. Alizaliwa nayo."

Ndipo taa zilipobadilika. Zile balbu ndogo za manjano, ambazo hazikuwa na uwezo huo, ziligeuka nyeupe, kisha zikazidi weupe, mpaka boneti ikapotea, na karatasi ikapotea juu ya boneti, na mkono wake ukapotea kuanzia kwenye pindo la nguo, na ule mvumo ukawa ndani ya kichwa chake kama mashine ya kukandia iliyoachwa ikizunguka tupu, na katika weupe ule akamwona anakuja, mweusi, kwa miguu, bila haraka, amenyoosha vidole viwili, na harufu ya nywele zinazoungua ikawa harufu ya nywele zake mwenyewe.

Mama Mkate akafumba macho kabla hajaguswa.

"Huna cha kunifumba," alisema. "Nimefumba mwenyewe."

Kwa miaka mingi alikuwa amesuka mkate gizani umeme ulipokatika, na vidole vyake vilijua ukingo wa trei, ukingo wa meza, na ukingo wa karatasi pia. Alihesabu mistari kwa kucha, kutoka juu, mpaka wa tisa. Akakata neno alilokuwa ameandika. Kisha akaandika, akisema kila neno kwa sauti, na vidole viwili vya baridi vikimpapasa kope zilizokwisha kufungwa bila kupata pa kushika.

"Ndiyo. Taa za mbele, zote mbili. Balbu kali za gari jingine. Zilifungwa siku ya Jumanne na mkwe wangu. Zilitolewa kwenye gari la marehemu bila ruhusa."

"Nyamaza," ilisema sauti.

"Zilimpofusha mchora mabango kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Alikuwa upande wake. Nilijua, nikaandika hapana. Leo Alhamisi zimetolewa ili mkaguzi asizione."

"Mtaharibikiwa."

"Tutaharibikiwa huku tunaonana," alisema Mama Mkate. Akasita, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko yote, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kukisema. "Na mume wangu haoni vizuri. Taa hazikuwa na kasoro yoyote."

Mvumo ulikatika, kama kikombe kilichoinuliwa na nzi akatoka.

Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa wa manjano, tena hafifu. Ukutani kulikuwa na kivuli kimoja, kifupi, chenye kitambi, na kilikuwa kinajikuna shingo. Polepole alipepesa macho, mara moja, mara mbili, mara nyingi, machozi yakimtoka.

"Mama Mkate," alisema. "Mbona unalia?"

"Wewe ndiye unayelia."

"Ah." Alijigusa shavu, akatazama vidole. "Sioni," alisema. "Tangu mwaka juzi. Mchana naona. Jioni nakisia."

"Najua."

"Waya anajua?"

"Waya alijua kabla yako."

*

Fomu ilimfikia wakala kabla ya jua kuzama. Mama Mkate aliipeleka mwenyewe, kwa miguu. Kampuni ilijibu kwa ukurasa mmoja kwamba bima haipo. Gari likauzwa, likaenda na balbu za manjano na maelezo kamili, na bei yake ilimtibu mchora mabango mpaka akaweza kupanda ngazi tena. Leseni ya Polepole ilikwenda. Balbu kali Waya alizisaga kwa nyundo, pamoja na ile karatasi ya kope akazizika, na tangu hapo, mteja akitaka taa za namna ile, humuuliza kwanza lini alipimwa macho. Amepoteza wateja kadhaa kwa swali hilo.

Polepole alinunuliwa miwani na mkokoteni. Mchora mabango aliandika ubavuni mwa mkokoteni, bila kuombwa, kwa herufi nyekundu zenye ukingo wa buluu: UNAKUJA POLEPOLE. Mkate unafika umepoa, kama zamani.

Miezi minne baadaye, jioni, wakala wa bima alipita dukani kuwauliza wazazi wake kama wangependa kukatia bima duka. Alikuwa na gari jipya kwake, lililotumika kwa wengine, na aliliegesha nyuma, likautazama ukuta wa rangi ya majivu. Hakuzima taa. Alisimama kando ya mlango wake, kalamu mfukoni, akizungumza maneno laini.

Mama Mkate hakuwa akimtazama. Ukuta ulikuwa mweupe kama unga uliochekechwa mara mbili. Aliusikia mvumo. Na katikati ya weupe, mabega, shingo, mikono iliyoning'inia. Kivuli kikageuza kichwa upande wake, kikamtambua, kikasogea pembeni kwa adabu.

Mume wake, kutoka dirishani, alivua miwani, akaivaa tena. "Mama Mkate," aliita taratibu. "Rudi ndani."

Hakurudi. Alijifunga taulo kiunoni.

"Baba," alimwambia wakala, "kwenye fomu yako mwenyewe, swali la tisa, uliandikaje?"

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa hapepesi macho.

"Kaa hapo," alisema Mama Mkate, na hakuwa akizungumza na wakala peke yake. "Karatasi ninazo. Nakuja na kalamu."